Kichwa Kikubwa na Mgongo Wazi: Habari za Watoto na Wazazi Wao

Wasomaji, nataka kuwaeleza habari za maradhi mawili ambayo mtoto huweza kuzaliwa nayo, na habari za wazazi waliowalea watoto wa namna hiyo. Watu wa Tanzania huyaita kichwa kikubwa na mgongo wazi. Nyumba nyingi zilizopata mtoto wa namna hii humweka chumbani asionekane, na majirani hunyamaza, maana hawajui waseme nini. Habari za vita na za wafalme twazifundisha shuleni. Habari za watoto hawa hatuzifundishi, nazo ni historia yenye miaka, majina na mafunzo. Mwenye kuifuata mpaka mwisho ataona mambo mawili: kwamba mama hana lawama, na kwamba kisu cha daktari peke yake hakikutosha mahali popote. Pale mtoto alipoishi na kukua, palikuwa na watu waliosimama pamoja na wazazi wake.

Yafaa tuanze na maana ya maradhi yenyewe. Mimba ikiwa changa sana, kabla ya kutimia siku 28, utando mwembamba ulio mgongoni mwa mtoto hujikunja, kingo zake mbili zikakutana, ukawa mfano wa mwanzi. Mwanzi huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingine haufungi mahali pamoja, na mtoto huzaliwa na kidonda au kifuko cha maji mgongoni. Mishipa ya fahamu iliyo chini ya hapo haifanyi kazi yake: miguu hulegea, na mkojo na choo havizuiliki. Huo ndio mgongo wazi. Angalieni sana zile siku 28, kwa kuwa mara nyingi zimekwisha pita kabla mama mwenyewe hajajua kwamba ana mimba.

Kichwa kikubwa ni jambo la maji. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vinne vyenye maji safi. Katika mtu mzima maji hayo hutengenezwa kama nusu lita kila siku, nayo hupita katika vijia vyembamba, huuzunguka ubongo, kisha hurudi katika damu. Kijia kikizibika, maji hayaachi kutengenezwa. Hujaa, hubana ubongo, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, kichwa hupanuka. Macho huelekea chini, mtoto hutapika na kulialia. Watoto wengi wenye mgongo wazi hupata na kichwa kikubwa pia. Wengine huzaliwa na kichwa kikubwa peke yake, na wengine hukipata baada ya kuugua homa kali ya ubongo katika miezi ya kwanza.

Basi maradhi haya si mapya, wala si ya bara moja. Tabibu wa Uholanzi aitwaye Nicolaes Tulp aliandika habari za mgongo wazi mwaka 1652, naye ndiye aliyeupa jina la Kilatini ambalo madaktari hulitumia hata leo. Aliona vema, lakini hakuwa na dawa. Mahali pasipo na dawa ndipo pa lawama. Wako watu wasemao kwamba kumlaumu mama ni ujinga wa Waafrika tu. Si kweli. Mwaka 1573 mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa, Ambroise Paré, alitoa kitabu cha habari za watoto waliozaliwa na kasoro, akataja sababu zake. Na miongoni mwa sababu hizo alitia hasira ya Mungu, na mawazo ya mama, yaani kitu alichokitazama au kukifikiri alipokuwa na mimba. Mfaransa mwenye elimu alisema hayo, na bibi wa kijijini kwetu husema kwamba mama alivunja mwiko au amerogwa. Maneno ni mbalimbali, hukumu ni moja: kosa huwekwa juu ya mwanamke aliyetoka kuzaa, ambaye hana hata nguvu ya kujitetea.

Karne ya ishirini ilipoanza, wapasuaji walijaribu kuyashika maji yale. Mwaka 1910, katika mji wa Chicago, Marekani, daktari wa magonjwa ya mkojo, Victor Lespinasse, alichukua darubini nyembamba ya kutazamia kibofu, akaiingiza katika vyumba vya ubongo wa watoto wawili, akaunguza shada la nyama litoalo maji. Mmoja alikufa palepale. Wa pili aliishi miaka mitano. Mwaka 1914 Walter Dandy na Kenneth Blackfan wa Baltimore walionyesha, kwa kuwajaribu mbwa, jinsi njia ya maji izibikavyo na kuleta ugonjwa. Mwaka 1923, katika mji wa Boston, William Mixter alimtoboa mtoto mchanga tundu dogo katika sakafu ya chumba kimoja cha ubongo, ili maji yapate njia nyingine. Naye alitumia darubini. Yakumbukeni mambo haya mawili, kuunguza na kutoboa, maana tutayakuta tena karibu na kwetu. Wakati ule vyombo vilikuwa vikubwa, taa zilikuwa hafifu, na watoto wengi walikufa, hata madaktari wengi wakaziacha njia hizo.

Njia nyingine ilikuwa kuyaongoza maji kwa mpira mwembamba kutoka kichwani mpaka mahali pengine mwilini. Shida yake ilikuwa kwamba mpira mtupu huweza kupitisha maji kupita kiasi, na damu huweza kurudi nyuma ikauziba. Palitakiwa kilango kidogo cha kupitisha maji upande mmoja tu. Mwaka 1949, katika mji wa Philadelphia, Frank Nulsen na Eugene Spitz walimtia mtoto kilango cha kwanza kilichofaa. Walakini kukitengeneza kilango kisichoziba na kisichodhuru mwili kulikuwa kazi ngumu, na watoto waliendelea kufa.

Hapo ndipo mzazi anapoingia katika historia hii. Mwaka 1955, katika jimbo la Pennsylvania, fundi wa mashine aitwaye John Holter alipata mtoto wa kiume, Casey, aliyezaliwa na mgongo wazi, na kichwa chake kikaanza kujaa maji. Mtoto alitibiwa na Spitz. Holter hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa ya chuma na vyombo. Lakini aliposikia kwamba madaktari wamekwama kwa sababu ya kilango, alirudi nyumbani akaanza kukitengeneza. Alijaribu vitu vya namna nyingi vinyumbukavyo, mpaka akapata silikoni, ambayo mwili huichukua pasipo kuikataa. Katika miezi michache kilango kilikuwa tayari, na mwaka 1956 kilitiwa kwa mara ya kwanza ndani ya mtoto wa watu wengine, kwa kuwa Casey alikuwa dhaifu mno siku zile. Baadaye Casey naye alitiwa. Aliishi miaka kama mitano tu, akafa. Baba yake hakuiacha kazi. Alifungua karakana, akaendelea kutengeneza vilango, na maelfu ya watoto wa wazazi asiowajua wakapona kwa kazi ya mikono yake.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea tena. Mwandishi Roald Dahl, ambaye watu wengi hujua hadithi zake za watoto, alifanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya mafuta ya Shell tangu mwaka 1938 hata vita vilipoanza mwaka 1939. Mwezi wa Desemba 1960 mwanawe mchanga, Theo, aligongwa na teksi katika mji wa New York, na maji yakamjaa kichwani kwa sababu ya jeraha. Huyu hakuzaliwa na ugonjwa, lakini mpira wake uliziba mara kwa mara kama ya wengine. Dahl alimwendea Stanley Wade, fundi wa injini ndogo za ndege za kuchezea, na mpasuaji Kenneth Till wa London. Hao watatu walibuni kilango kipya mwaka 1962, wakakubaliana kwamba hakuna atakayepata faida. Kilango kilipokuwa tayari, Theo alikuwa amekwisha pata nafuu, hakukihitaji tena. Kiliwafaa watoto wengine.

Sikutaja mababa hawa ili kila mzazi aambiwe, "Nawe buni chombo." Wazazi walio wengi si mafundi, wala si lazima wawe. Nimewataja kwa kuwa walifanya jambo ambalo kila mzazi huweza: hawakumficha mtoto. Laiti Holter angemfungia Casey chumbani kwa aibu, asingalisikia madaktari wanahitaji nini.

Kilango kilipopatikana, swali jipya lilizuka, nalo ni zito kuliko la kwanza. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, madaktari walianza karibu na mwaka 1960 kuwapasua watoto wote wenye mgongo wazi mara wazaliwapo. Wengi ambao zamani wangalikufa waliishi. Mwaka 1971 mmoja wa madaktari hao, John Lorber, alitoa hesabu ya watoto 524 waliotibiwa. Aliona kwamba wengi wa waliopona wana ulemavu mzito, wamepasuliwa mara nyingi, na jamaa zao wamelemewa. Akashauri kwamba tangu siku ile watoto wachaguliwe: wenye ulemavu mkubwa sana wasipasuliwe. Madaktari wengi wa Uingereza walifuata shauri hilo, na watoto wasiochaguliwa walikufa walio wengi. Mwenzake Robert Zachary, mpasuaji wa mji uo huo, ambaye mgongo wake mwenyewe ulikuwa umepinda, hakukubali. Alishikilia kwamba ulemavu si sababu ya kumwacha mtoto afe.

Lorber hakuwa mtu mkatili. Aliwahudumia watoto hao miaka mingi, na taabu za wazazi aliziona kwa macho yake. Lakini na tuyapime maneno yake. Alisema mzigo umewazidi wazazi. Yumkini alisema kweli. Mzigo ukimzidi mtu aliye njiani, mna njia mbili za kumsaidia: kuutupa mzigo, au kuongeza mikono ya kuuchukua. Lorber alichagua ile ya kwanza. Wazazi wenyewe walikuwa wamekwisha anza ile ya pili. Mwaka 1966, yaani miaka mitano kabla ya hesabu ile, wazazi na marafiki zao Uingereza walikuwa wameunda chama cha watu wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa, ili wapeane habari, wafundishane kulea, na kuisemea haja ya watoto wao kwa serikali.

Tena, muda si mrefu, ilionekana kwamba mzigo wenyewe waweza kupunguzwa kwa elimu ndogo. Watoto wengi wenye mgongo wazi waliopona vidonda vyao walikufa baadaye kwa figo, maana kibofu kisichojimwaga hurudisha mkojo juu na kuziharibu figo. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alionyesha kwamba mkojo waweza kutolewa kwa mpira mwembamba mara kadhaa kila siku, na kwamba haikupasa kazi hiyo kufanywa na daktari kwa vyombo vilivyochemshwa. Mikono iliyonawiwa vema na mpira uliooshwa vilitosha. Basi tangu hapo mama aliyefundishwa siku chache aliweza kuzilinda figo za mwanawe nyumbani, na mtoto akikua hujifanyia mwenyewe. Tazameni jinsi uhai wa mtoto ulivyotoka katika mikono ya hospitali ukaingia katika mikono ya mama. Lakini mama huyo ahitaji maji, sabuni na mtu wa kumfundisha.

Sasa nirudi katika lile jambo la lawama. Mwaka 1965 Waingereza wawili, Elizabeth Hibbard na Richard Smithells, waliandika kwamba huenda watoto hawa huzaliwa kwa sababu ya upungufu wa vitamini moja iitwayo asidi ya foliki, ipatikanayo katika majani mabichi na kunde. Shauri lilijaribiwa kwa hesabu kamili, na majibu yakatolewa mwaka 1991. Wanawake 1,817, waliokwisha zaa mtoto wenye kasoro ya namna hii, walifuatwa katika vituo 33 vya nchi 7. Wengine walipewa vidonge vya asidi ya foliki kabla ya kuchukua mimba, wengine hawakupewa. Katika watoto waliozaliwa na kasoro ile tena, 21 walikuwa wa mama wasiopewa, na 6 wa mama waliopewa. Ndiyo kusema, vidonge huzuia kama 72 katika kila 100. Jaribio lilikomeshwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa ilikuwa si haki kuwanyima wengine kitu ambacho faida yake imekwisha onekana.

Hesabu hiyo yafundisha pande mbili. Upande wa kwanza, si uchawi, wala mwiko, wala macho ya mama. Upande wa pili, hata wale waliomeza vidonge, sita walipata mtoto mwenye kasoro. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema, "Hukula mchicha, ndiyo sababu." Hilo nalo ni lawama ile ile iliyovaa nguo mpya. Jambo lenyewe hutokea ndani ya siku 28, mama hajui, na mara nyingi duka la dawa li mbali. Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2011 kwamba unga wa ngano na wa mahindi usagwao katika viwanda vikubwa utiwe asidi ya foliki na virutubisho vingine, na mwezi wa Mei 2023 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliyahimiza mataifa yote kufanya hivyo kwa ajili ya kuzuia mgongo wazi. Walakini sisi wa vijijini husaga mahindi yetu katika mashine ya jirani, na unga ule hautiwi kitu. Basi mwanamke atazamiaye kuzaa na aombe vidonge zahanati kabla ya mimba, na yule aliyekwisha zaa mtoto wa namna hii amwone daktari kwanza, kwa kuwa kipimo chake ni kikubwa kuliko cha wengine.

Tumefika karibu na kwetu. Mwaka 2000 mpasuaji wa Marekani, Benjamin Warf, alihamia Uganda pamoja na mkewe na watoto wao sita, na mwaka 2001 hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa katika mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Mama walikuja na watoto wenye vichwa vikubwa, wengi kuliko alivyodhani. Warf aligundua kwamba zaidi ya nusu yao hawakuzaliwa na ugonjwa. Waliupata kwa maambukizo ya siku zao za kwanza. Aliwatia mipira, akitumia ule uliotengenezwa India kwa bei ndogo, na mwaka 2005 alionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja haukuwa na tofauti na ule wa bei kubwa.

Lakini mpira una shida moja. Hata katika nchi tajiri, karibu nusu ya mipira huharibika katika miaka miwili ya kwanza. Mtoto wa Philadelphia mpira wake ukiziba, huchukuliwa kwa motokaa na kufika hospitali siku ile ile. Mtoto wa Karamoja au wa kando ya Ziwa mpira wake ukiziba usiku wa mvua, mama hana nauli, njia ni matope, naye mtoto hufa. Ndipo Warf alipozikumbuka zile njia mbili za kale: kuunguza kwa Chicago, na kutoboa kwa Boston. Kwa darubini mpya iliyo nyembamba na yenye mwanga aliziunganisha katika kazi moja: alitoboa tundu ili maji yapate njia, akaunguza shada litoalo maji ili yapungue. Mwaka 2005 alitangaza kwamba watoto wengi waweza kupona hivyo pasipo mpira wowote. Wapasuaji wa Uganda, kama John Mugamba, waliishika kazi hiyo, na madaktari wa nchi nyingine wakaja Mbale kujifunza. Mwaka 2017 majibu ya watoto 100 wa Mbale yalitolewa: waliotibiwa kwa darubini na waliotiwa mpira, akili zao zilikuwa sawa baada ya miezi 12. Na Warf aliporudi Boston aliichukua elimu hiyo pamoja naye. Basi elimu iliyoachwa Marekani ilipata uhai Afrika, ikarudi Marekani.

Hapa mtu angaliweza kuimaliza historia na kupiga vigelegele. Lakini Warf na wenzake walifanya jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi: waliwafuata watoto makwao. Walichukua hesabu ya watoto waliopasuliwa Mbale kwa ajili ya mgongo wazi, wakauliza baada ya miaka mitano ni nani aliye hai. Majibu yalitolewa mwaka 2011, nayo yalikuwa ya kuhuzunisha. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wamekufa, na wengi hawakufa hospitalini. Walifia nyumbani, baada ya kutibiwa vema.

Ndipo walipotazama wilaya kwa wilaya. Katika wilaya nyingine palikuwa na watu wa kazi ya kuwatembelea walemavu nyumbani kwao: humfundisha mama kumwogesha mtoto na kumnyosha miguu, humwonyesha kazi ya mpira wa mkojo, huangalia vidonda, huzungumza na baba, na kumkumbusha siku ya kurudi hospitali. Katika wilaya hizo watoto wenye mgongo wazi hawakufa kuliko watoto wengine wa umri wao katika nchi ile ile. Katika wilaya zisizokuwa na watu hao, vifo vilizidi sana. Mpasuaji ni yule yule, hospitali ni ile ile, ugonjwa ni ule ule. Tofauti ilikuwa kwamba nyumba moja ilibishiwa hodi, na nyumba nyingine haikubishiwa.

Wasomaji, hilo ndilo jibu la swali la Sheffield. Lorber aliona nyumba zilizolemewa, akadhani kilichozidi ni mtoto. Hesabu ya Uganda ilionyesha kwamba kilichopungua ni watu. Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tukipita mlangoni pa nyumba hiyo twaona mzigo ni mwepesi, kwa kuwa si sisi tuuchukuao. Mama huamka usiku, hufua nguo za mkojo kila siku, hawezi kwenda shamba, hawezi kwenda sokoni, na mara nyingi mumewe amekwisha ondoka kwa sababu ya maneno ya ndugu zake. Tena wazee walisema, kabla hujafa hujaumbika. Aliyesimama leo kwa miguu miwili hajui kesho atachukuliwa na nani.

Katika Tanzania wapasuaji wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, huwatibu watoto hawa, na wazazi wana chama chao kiitwacho ASBAHT. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto mlemavu haki ya kufundishwa kama wenzake. Basi msaada upo, lakini kutoka kijijini mpaka huko ni safari, na safari hiyo ndiyo yetu sisi majirani.

Nataja machache yaliyo katika uwezo wa kijiji. Mtoto akizaliwa na kidonda mgongoni, kifunikwe kwa kitambaa safi, alazwe kifudifudi au kwa ubavu, apelekwe hospitali siku ile ile. Asichanjwe wala kupakwa dawa za majani. Kichwa cha mtoto mchanga kikikua upesi, kipimwe kwa utepe wa fundi cherehani kila juma, na kipimo kiandikwe; kikizidi mno, asingojewe mpaka mavuno, kwa kuwa ubongo uliobanwa siku nyingi haurudi kama ulivyokuwa. Nauli ichangwe, kama tuchangavyo kwa arusi na matanga. Mama akiwa hospitali, shamba lake lipaliliwe na watoto wake wengine walishwe. Akirudi, majirani wajue dalili za hatari: kutapika, kusinzia mno, macho kuelekea chini, homa, wamwambie asikawie kurudi. Baba aendewe na wanaume wenzake, aambiwe kweli, maana mwanamume husikia zaidi neno la mwanamume mwenzake katika jambo hili.

Nasi waalimu tuna sehemu yetu. Mtoto huyu akifika umri wa shule, miguu yake yaweza kuwa haina nguvu lakini akili yake ikawa nzima. Akae karibu na mlango. Achongewe kiti na seremala wa kijiji. Kipatikane kijumba chenye mlango ufungwao, ndoo ya maji na sabuni, apate kujitoa mkojo kwa faragha saa nne na saa saba, asije akaachishwa masomo kwa sababu ya harufu na kicheko.  Na asubuhi ya kwanza mwalimu amtaje kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, si kwa jina la ugonjwa, ili watoto wengine nao wajue jinsi ya kumwita.